Kona ya Seneta Strahan

Arlys Tjaden alikuwa amechoka, na huu haukuwa ule uchovu unaolala nao ukaamka haupo. Miezi kumi na moja alikuwa ameizunguka kata yao katika mji mdogo wa Iowa, mvua yake, jua lake, theluji yake, akigonga milango kwa niaba ya Seneta Wendell Strahan, aliyekuwa akitaka chama kimteue agombee urais. Magoti ya miaka sitini na minane yalikuwa yanamlilia kila ngazi. Kahawa nyepesi za watu alikunywa mpaka tumbo likamkataa. Aliwaambia wote neno moja: huyu mtu namjua, mnaweza kuniamini. Nao wakamwamini, kwa sababu ni Arlys, aliyewapelekea chakula walipofiwa na kuwafundishia watoto wao kanisani.

Kisha, siku tisa kabla ya mchujo wa chama, gazeti moja likamwaga mtama. Wanawake watatu waliowahi kufanya kazi katika kampeni walisema Seneta aliwaita chumbani kwake hotelini, kwa kisingizio cha ratiba ya kesho, akafunga mlango, akawashika bila ridhaa yao. Majina yao hayakutajwa. Wachambuzi wa televisheni wakamzika Seneta siku hiyo hiyo, na matanga wakamfanyia. Siku ya tatu akatokea mbele ya kamera, mkewe kando, machozi yakimlengalenga, akasema ni njama za wapinzani. Na hapo, usiulize kwa nini, umaarufu ulioporomoka ukaanza kupanda tena. Watu waliokuwa hawakumbuki hata jina lake wakaanza kumwonea huruma. Ndivyo walivyo wapiga kura, na anayedhani amewaelewa bado hajagonga milango ya kutosha.

Arlys hakuhitaji majina. Mmoja wa wale watatu alilala nyumbani kwake kuanzia Juni hadi Oktoba.

Aliitwa Brynn, binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Oregon. Kampeni haina uwezo wa kuwapangia nyumba vijana wake wote, hivyo huwapeleka kwa wafuasi wenye chumba cha ziada, na Arlys na mumewe Merle walikuwa nacho. Asubuhi moja ya Oktoba, Merle akiwa ghalani, Brynn alikaa jikoni akaeleza yote, kikombe amekishika kwa mikono miwili na hanywi. Alipomaliza akamtazama Arlys.

Na Arlys alisema nini? Alisema, "Jikaze, mwanangu. Imebaki miezi michache tu. Wanaume wa namna hiyo mtu anajifunza kuwakwepa."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoambiwa yeye mwenyewe akiwa na miaka ishirini, karani katika ofisi ya maghala ya mahindi, na alijikaza na maisha yakaenda. Brynn aliitikia tu kwa kichwa. Wiki iliyofuata alifunga sanduku lake, akaaga watu akisema mama yake ni mgonjwa. Arlys akamwambia Merle hivyo hivyo. Kisha akavaa buti zake akaenda kugonga milango.

Basi jioni ya mchujo ikafika. Saa moja kamili watu walikuwa wamejaa katika ukumbi wa mazoezi wa shule, makoti yamerundikwa kwenye benchi, buti zinachuruzika maji sakafuni. Pale kura haitumbukizwi sandukuni. Unasimama kwenye kona ya mtu wako, majirani wote wanakuona, na mnahesabiwa vichwa. Kona isiyofikisha kiwango, asilimia kumi na tano ya waliohudhuria, inavunjwa, watu wake watafute pengine. Mwenyekiti, Bi Pruitt, mwalimu mstaafu wa hesabu, alitangaza kwamba waliohudhuria ni mia moja na kumi na watatu, kwa hiyo kila kona ijipatie watu kumi na saba.

Kona ya Strahan ilikuwa na kumi na sita, Arlys na Merle wakiwemo.

Hapo unaanza ule unaoitwa ushawishi, nusu saa ya kuvutana mikono. Wale wengine kumi na watano wote waligeuza macho kwa Arlys. Nani mwingine? Kumleta mtu mmoja kwake ilikuwa kazi ndogo. Wiki nzima alikuwa akijibu kila anayemuuliza kuhusu gazeti kwamba hajui, tusubiri.

Aliyesimama bila kona alikuwa Glenda Ruppert, mjane, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke asiyependa siasa wala kelele. Arlys ndiye aliyembembeleza kuja. Alimwendea polepole, magoti yakilalamika, na kabla hajafungua mdomo Glenda alimtangulia.

"Mwenzangu, mimi haya mambo siyajui. Wewe unamjua. Yale ya gazetini ni kweli? Ukiniambia ni uongo, naja kusimama na wewe sasa hivi."

Neno moja tu. Ni uongo. Au hata lile lake la wiki nzima, sijui. Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na watano wanaongoja, na miezi kumi na moja ya maisha yake, na Merle ambaye hakuwa na habari. Arlys alijisikia mzee kuliko siku zote. Alitamani mtu amletee kiti.

"Ni kweli," alisema. "Mmoja wao ni Brynn, yule binti aliyekaa kwangu. Aliniambia mwenyewe, jikoni, Oktoba. Nikamwambia ajikaze."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ule hauna pazia wala zulia, na kona nzima ya Strahan ilisikia. Merle alishusha macho. Glenda alihesabu kitu kichwani.

"Oktoba," alisema. "Wewe ulikuja kwangu Novemba. Ukakaa, ukala keki yangu, ukaniambia huyu mtu ningeweza kumwachia binti yangu."

"Nilisema."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Glenda."

Glenda hakumtukana. Alichukua koti lake, akaenda kwenye kona ya mgombea mwingine, yeyote tu, akasimama akimpa Arlys mgongo.

Arlys hakurudi kwa Strahan. Alijisogeza mpaka kwenye benchi ya makoti akakaa. Sasa wamebaki kumi na watano, alifikiri, kona imevunjika, angalau hilo limefanyika. Alikuwa hajamaliza kufikiri hivyo alipowaona ndugu wawili wa Hoekstra, ambao mgombea wao alikosa kiwango, wakikatiza ukumbi na mikono mifukoni. Mkubwa wao alisema, ili asikike, kwamba magazeti yakimwandama mtu kiasi hicho basi lazima mtu huyo ana faida kwetu. Wakaingia kona ya Strahan. Merle akawasogelea, akawapa mkono. Merle hakuhama. Alimtazama mkewe mara moja tu ng'ambo ya ukumbi, na hasira iliyokuwa machoni haikuwa ya kumkasirikia Seneta, ilikuwa ya kumkasirikia yeye.

Bi Pruitt alihesabu mara mbili. Kumi na saba kamili. Strahan apewe mjumbe wake mmoja kwenye mkutano wa chama. Wakapiga makofi.

Kisha mwenyekiti akaja kwenye benchi na daftari lake, akainama kwa upole. "Arlys, nakukosa kwenye hesabu. Nikuandike wapi?"

Arlys alimwambia asimwandike popote.

Alitoa simu. Tangu Oktoba hakuwahi kumwandikia yule binti, hata salamu. Aliandika: Nimesema mbele ya watu, mwanangu. Nimewaambia ulichoniambia, na nilichokujibu. Nisamehe.

Alidhani jibu halitakuja. Lilikuja kabla hajairudisha simu mfukoni, nalo halikugusa msamaha.

Brynn aliuliza: Amepita?

Upande wa pili watu wa kona ya Strahan walikuwa wakikumbatiana, na mmoja alikuwa akiandika jina la Seneta ubaoni kwa herufi kubwa. Arlys aliangalia ule ubao. Kisha akaandika: Amepita.