Fungu la Athanasi

Kokushubira alikuwa mtu wa mipango, tena alijivunia. Andalio la somo la Jumatatu lilikuwa tayari tangu Ijumaa, na sokoni Kihanga, karibu na sekondari alikofundisha, wauza ndizi walimtania kwa karatasi yake ya manunuzi. Basi alipoamua kuandika riwaya, alianza na karatasi ya manila. Akachora visanduku kumi na viwili, kila sura na kisanduku chake, na alipokuja likizo ya Desemba kwa mama yake, kijijini Kamuli, akaibandika ukutani barazani. Mkufunzi wa semina ya uandishi kule Bukoba alikuwa amewaambia kwamba anayeandika bila mpango ni sawa na bodaboda isiyo na taa. Kokushubira alilipenda neno hilo, akaliandika juu ya manila kwa kalamu nyekundu.

Kisanduku cha mwisho kilikuwa na maneno mawili tu: Anarudi nyumbani.

Anayerudi, ndani ya hadithi, aliitwa Bainomugisha, kijana aliyevuka mto Kagera kwenda kuchunga ng'ombe wa watu upande wa Uganda. Nje ya hadithi aliitwa Athanasi, na alikuwa mdogo wake Kokushubira. Aliondoka miaka kumi na moja iliyopita. Wiki ileile mtumbwi ulipinduka kwenye mafunjo, wengine wakaokolewa na wengine hawakuonekana tena, na waliookoka hawakuyajua majina ya wenzao. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote.

Baba mdogo, Byabato, alikuja mara tatu kuomba wazike mgomba, kama ilivyo desturi kwa ndugu ambaye mwili wake haukupatikana. Mgomba unakatwa, unavikwa nguo ya marehemu, unalazwa kaburini, watu wanalia na kumaliza. Mara zote tatu Benadeta, mama yao, alimpa kahawa ya kutafuna kwa heshima zote, akamsindikiza hadi njiani, akamwambia bado.

Na kila msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa, palitengwa bakuli moja. Walikaangwa, wakakaushwa, wakafungwa kwa jani la mgomba na kuning'inizwa juu ya jiko: fungu la Athanasi. Wapya wakija, wa mwaka jana walimwagiwa kuku. Mwaka ambao Benadeta alilazwa Nyakahanga wiki tatu, Kokushubira ndiye aliyelitenga, bila kuambiwa na mtu.

Sasa macho ya Benadeta yalikuwa yamekwisha kabisa, presha ya macho iliyafunga moja baada ya jingine. Mikono yake lakini ilikuwa mizima. Kila alasiri walikaa jamvini barazani, beseni la senene katikati, mama akichambua mabawa na miguu kwa kupapasa tu, mtoto akimsomea alichoandika asubuhi. Sura kumi na moja zilipita hivyo, na zilipita vizuri. Ya kumi na mbili ikagoma.

Siku nne Kokushubira aliiandika na kuifuta. Kila akimpandisha Bainomugisha kwenye njia ya nyumbani, na ng'ombe wa pembe ndefu mbele yake, maneno yalikauka. Siku ya tano aliamua kuisoma hivyohivyo.

"Huyo ng'ombe ana miguu mingapi?" mama akamkatiza.

"Minne, Mama. Kwani vipi?"

"Simsikii akitembea. Na huyo kijana simsikii akihema, wakati mlima wetu huu unamtoa jasho hata mbuzi. Hayo umeyatoa ukutani."

Kokushubira alikasirika. Alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. "Ndiyo mpango wenyewe, Mama. Nimeupanga tangu Juni. Lazima arudi."

"Zamani tulipokaa kusikiliza hadithi," Benadeta alisema, na vidole vyake havikuacha kazi, "msimuliaji alituambia kwanza kwamba ametoka na ameona. Nasi tukamwambia, haya, tuonee, ona nasi tuone. Wala hakutuambia amepanga. Mimi macho sina, Koku. Nionee, waitu mwanangu."

"Mwisho wake siujui."

"Nani amekuuliza mwisho? Nimekuuliza unaona nini."

Kokushubira alifungua ukurasa mtupu. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, kwa sababu alijua mkono wake ulikuwa unataka kwenda wapi. Siku nne zote alikuwa akiuvuta urudi. Safari hii aliuacha. Akaanza kuandika, na kila alichoandika akakisema kwa sauti.

"Ni asubuhi, ukungu umelala juu ya mto. Mtumbwi umejaa. Kuna watu na magunia, na mwenye mtumbwi anafoka. Anamwambia asikanyage ndani na tope." Akasita. Hili halikuwamo ukutani. "Anavua viatu vya mvua."

"Endelea."

"Anavifunga kwa kamba na kuvitundika shingoni. Hataki viloe. Mama yake alimnunulia gulioni Nkwenda, na hakuna kitu anachokipenda kama hivyo viatu." Kalamu ilikuwa inakimbia sasa, naye alikuwa anaifuata tu. "Wanaingia kwenye mafunjo. Mama mmoja anasali. Mtumbwi unalalia upande mmoja, maji yanaingia, watu wote wanasimama."

"Naye?"

Palikuwa bado na nafasi. Angeweza kumpa ubao wa kushika, au mkono wa mtu. Kokushubira aliutazama ukurasa na hakuona ubao wowote.

"Anashika viatu," alisema. "Hashiki kitu kingine, Mama. Anashika viatu visizame."

Mikono ya Benadeta ilisimama juu ya beseni. Kokushubira alijuta palepale. Alijiona mshenzi, mwanamke mzima aliyekaa na kalamu akamzamisha mdogo wake mbele ya mama yake, mama asiyeweza hata kugeuza macho asione. Akaanza kuomba radhi.

"Vilikuwa vikubwa kwake," Benadeta alisema. "Vilimzidi namba mbili. Nilitaka avivae mpaka awe mtu mzima." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaendelea kujifuta hata baada ya uso kukauka. "Nilijua, Koku. Nilijua tangu mwaka wa pili. Mzazi anajua."

"Mbona basi ulimkatalia baba mdogo? Mara tatu?"

"Kwa ajili yako."

Kokushubira hakuelewa.

"Kila ukija likizo, hata shikamoo hujatoa, unauliza kama kuna habari. Kisha unaingia jikoni, nakusikia unasimama chini ya lile fungu. Nilipolazwa nikasema afadhali, mwaka huu litasahaulika lenyewe. Nimerudi, nimepapasa, nimelikuta. Ningemzikaje mtoto ambaye dada yake bado anamwekea chakula?"

Hapo Kokushubira alilia. Alilia kwa kelele, kama ambavyo wangelia miaka kumi na moja iliyopita kama mtu mmoja angeanza. Alimlilia Athanasi, na alimlilia mama yake aliyebeba msiba mzima peke yake ili yeye asiubebe. Benadeta alimshika goti na hakumwambia anyamaze.

Baadaye mama akapapasa jamvini hadi akalipata bakuli la Athanasi la mwaka huu, lililokuwa limejazwa nusu. Akaliinua, akalimimina lote ndani ya beseni, akakung'uta kitako chake.

"Shati lake la kijani lipo sandukuni, chini kabisa. Kesho mwite Byabato aje na panga," alisema. "Na wewe chambua. Watu watakuja wengi, watataka kula."

Kokushubira akaweka daftari pembeni, akaingiza mkono ndani ya beseni. Senene walikuwa wameshachanganyika, na hakuweza tena kujua ni wepi walikuwa wa Athanasi.