Mguu wa Dereva

Mzazi mwenzangu, kama una kijana anayetengeneza vitu kwa mikono yake, mwambie asichote udongo kwa boma la mtu kabla hajapiga hodi. Hata kijiko kimoja asichote. Na akiambiwa ati ni siri, ati asijulikane, hiyo kazi aiache. Nasema hivi kwa sababu wangu nusura wamchome.

Kijana wangu anaitwa Kabiru. Tunakaa Kitale, mimi nauza viazi vitamu na ndizi. Kabiru alipomaliza shule akakosa kazi, akaanza kuunda magari madogo ya jeshi. Usifikirie yale ya waya ya watoto. Haya ni malori na magari ya deraya, yote madogo ya kuenea kwenye sinia. Anakata plastiki ya mitungi ya mafuta ya kupikia, na mataira anachonga kwa soli ya patipati. Watu wanamwagiza kutoka mbali.

Mimi nilikuwa nikiona lori limepakwa kijani linang'aa, nasema asante Yesu, limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza. Alikuwa anaanza na rangi ya kutu, ananyunyiza chumvi yangu ya mboga juu yake, halafu anapaka kijani. Ikikauka anasugua ile chumvi itoke, na pale ilipokuwa kunabaki vidonda vya kutu, kama gari lililokwaruzwa na miti ya Mlima Elgon. Masizi ya sufuria yangu anapaka kwenye bomba la moshi. Majivu ya jiko langu ndiyo vumbi. Stilwaya yangu ya kusugulia sufuria aliiloweka kwenye siki mpaka ikaoza, ikamtolea maji mekundu ya kutu. Hivyo vyote alitia kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi.

"Kabiru, si hiyo gari ilikuwa nzuri?" nilimuuliza. "Mbona unaiharibu?"

"Siharibu, mathe. Naizeesha. Gari mpya haina maneno."

"Basi nizeeshe na mimi nione."

"Wewe bana hauhitaji rangi, ushafika."

Nikamrushia mwiko. Tulicheka siku hiyo. Ningejua, ningevunja vile vichupa vyote kwa jiwe.

Lori lililotuletea shida liliagizwa na mtu wa Bungoma anaitwa Festus Sifuna, ambaye anafanya kazi ya serikali Nairobi. Baba yake, Mzee Sifuna, alikuwa dereva wa jeshi miaka mingi, sasa amestaafu, anakaa nyumbani kwake Mabanga. Ana sukari, na mguu wa kushoto una kidonda kisichopona. Festus alitaka kumfurahisha baba yake kabla ya Krismasi. Akamtumia Kabiru picha ya zamani, Mzee akiwa kijana ndani ya lori, kiwiko kwa dirisha, lori limeegeshwa pale pale nyumbani kwao, matope mpaka kwa bampa.

"Hayo matope nataka yawe ya kwetu," Festus alimwambia kwa simu, mimi nikisikia. "Pita hapo kwa geti uchote. Lakini usiingie ndani. Ni saprais."

Basi siku ya soko nikaenda Kamukuywa kununua viazi, Kabiru akapita akaenda zake Mabanga. Alibeba lori ndani ya boksi ili alinganishe rangi ya udongo na rangi ya mataira. Nilikuwa nachagua viazi simu ikalia, jina ni la Kabiru, lakini sauti ni ya mwanamke.

"Wewe ndiye mama ya huyu kijana? Mimi ni Phelista, bibi ya Festus. Kuja haraka, mama. Wamemfunga. Wanasema ni mchawi."

Viazi niliviacha chini. Nilichukua pikipiki moja kwa moja mpaka Mabanga, na njia nzima nilikuwa nampigia Festus, simu imezimwa. Baadaye alisema alikuwa kwa mkutano.

Nikakuta boma limejaa watu. Kando ya geti vijana walikuwa wamelaza taira kuukuu la gari, mkebe wa petroli pembeni. Nililiona, nikajifanya sijaliona. Kabiru alikuwa ameketi chini mbele ya ghala la mahindi, kamba kiunoni, mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto. Walimpiga rungu kwa vidole alipokuwa analinda lile boksi lisikanyagwe. Boksi, si kichwa! Huyo ndiye mtoto niliyezaa.

Aliyekuwa anasimamia mambo ni ndugu mdogo wa Mzee, anaitwa Levi. Sitasema Levi ni mtu mbaya. Phelista aliniambia baadaye kwamba yeye ndiye humwosha Mzee kile kidonda kila asubuhi, na hakunji uso. Asubuhi hiyo Mzee alipita getini kuota jua, akarudi ndani. Levi anatoka nyuma yake, anakuta kijana asiyemjua amechutama, na brashi ndogo anafagia udongo pale pale palipo na alama ya mguu wa Mzee na fimbo yake, anatia kwa kichupa. Sasa wewe niambie, ungefanya nini? Hata kwetu, udongo wa unyayo wa mtu hauchukuliwi kwa wema. Mimi ningemwona mtu akifanya hivyo kwangu, ningepiga nduru mpaka Suam wasikie.

"Mama, wewe ndiye mwenyewe?" Levi aliniuliza.

"Ndiye mimi. Huyu ni fundi. Anatengeneza magari. Festus ndiye alimtuma."

"Festus yuko wapi?"

"Simu imezimwa."

Watu wakacheka kile kicheko kibaya. "Imezimwa!" mmoja akasema. "Na ya Mungu pia imezimwa?"

Levi akageuza mfuko wa Kabiru, vitu vikamwagika chini mbele yangu. Vichupa, wembe, brashi ya manyoya ya mbuzi na chumvi imefungwa kwa karatasi. Nilikuwa naona hivyo vitu kila siku mezani kwangu, lakini hapo chini, mbele ya watu, hata mimi niliviona kama vya mchawi. Halafu Levi akaingiza vidole ndani ya kebini ya lori, akatoa mtu. Mtu mdogo kama kidole cha mwisho, amevaa sare, sura imepakwa vizuri, masharubu ya Mzee Sifuna yenyewe. Mguu wa kushoto haukuwepo. Umekatwa hapa kwa goti.

"Fundi," Levi akasema polepole. "Ndugu yangu anaumwa mguu gani?"

Nikamgeukia Kabiru. "Kwa nini umekata mguu?"

"Haukuingia, mathe. Kebini ni ndogo, ulikuwa unagonga usukani. Nikakata ndio aketi. Hakuna mtu angeuona, si mlango unafungwa?"

"Mmesikia?" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Ati hakuna mtu angeuona!"

Kijana mmoja akaenda kwa taira. Hapo ndipo nilipiga magoti, nikachukua kichupa cha kwanza. Sijui nani aliniambia nifanye hivyo. Nilikifungua nikatia kidole.

"Haya ni masizi ya sufuria yangu." Nikalamba. Nikachukua cha pili. "Haya ni majivu ya jiko langu." Nikalamba. "Hii ni chumvi, mnaijua. Hii nyekundu ni kutu ya stilwaya na siki." Ilikuwa kali kama betri, lakini nilimeza. "Na huu ni udongo wenu. Mnaogopa udongo wenu?" Nikala kiasi cha kijiko kizima wakiniangalia, mchanga unalia kwa meno.

Yule wa taira alisimama. Niliona Levi ameanza kutazama chini, nikajiambia moyoni, Nyaruai, umeshinda, maliza. Nikachukua kichupa cha mwisho, kile chenye maji. Hicho sikuwa nakijua. Nikakiinua nikafungua.

"Mathe, hapana!" Kabiru akapiga kelele, akaruka na kamba yake. "Hiyo usinywe! Itakuua!"

Halafu wote wakapiga kelele pamoja. "Amesema mwenyewe! Ni sumu! Anajua ni sumu!" Mtu akanivuta kwa kitambaa cha kichwa, mwingine akamshika Kabiru miguu. Taira likaanza kuviringishwa. Mzazi mwenzangu, mtoto alisema ukweli ili aniokoe, na huo ukweli ndio ungemuua.

"Levi!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee Sifuna alikuwa amesimama, fimbo mkono mmoja, mwingine ameegemea bega la Phelista. Phelista ndiye alikwenda kumwamsha. Walikuwa wamekatazwa wasimsumbue.

"Lete hiyo chupa."

"Kaka, ni sumu."

"Nimesema lete."

Alinusa. Akanusa tena, akafumba macho. "Tapentaini," akasema. "Tulikuwa tunaoshea brashi kambini. Ukiinywa utakufa, naam. Hata petroli ukiinywa utakufa, na nyinyi mmeileta mkebe mzima hapa. Nyinyi ni wachawi wa wapi?"

Wakamletea kiti. Wakamletea lori. Alilishika kwa mikono miwili, akalizungusha karibu na macho, akafika kwa mlango wa kulia. Pale chini ya kitasa Kabiru alikuwa ametoa rangi, imebaki kutu tupu, kama chuma cha kweli.

"Nani alikwambia huu mlango ulikuwa hauwezi kufunguka bila teke?"

"Hakuna," Kabiru akajibu. "Nimeona kwa picha rangi imeisha hapo."

Mzee akapapasa hapo kwa kidole gumba. Kisha akaomba yule mtu mdogo. Levi hakutaka kumpa, akampa. Mzee akamtazama masharubu, akatazama pale pa goti.

"Kijana," akasema, "huo mguu wa kushoto ndio wa klachi. Sasa hii gari nitaiendesha na nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu mwingine. Mzee mwenyewe hakucheka sana. "Lakini umesema kweli," akasema. "Ile kebini, hata mimi huo mguu nilikuwa sijui pa kuuweka. Mfungueni."

Walimfungua. Nilimshika mtoto wangu mkono ule mzima, lori tukaliacha mikononi mwa Mzee, tukatembea kuelekea geti. Levi alitufuata mpaka tulipofika penye taira, na kwa sauti ya chini, kama mtu anayesalimia, akaniambia, "Mama Kabiru. Mzee amewasamehe, na mimi nimenyamaza. Lakini huo mguu wake ukiharibika, kumbuka Kitale si mbali."

Vidole viwili vya Kabiru vilivunjika. Festus alipiga simu akalia, akaomba msamaha, hata aligharamia hospitali. Lakini msamaha wa Nairobi haufiki Mabanga. Tangu siku hiyo nikawa nampigia Phelista kila mara, ati nasalimia. "Mzee ameamkaje? Kidonda kimekauka? Anakula?" Nilimwombea yule mzee kuliko nilivyomwombea marehemu mume wangu. Phelista alinieleza kwamba aliwahi kulipangusa lile lori kwa kitambaa cha maji, akidhani ni chafu, Mzee akamgombeza kama mtoto. Ndiyo mara moja tu nilicheka.

Juzi yeye ndiye alinipigia. Hospitali wamesema mguu hauwezi kupona. Utakatwa, hapa kwa goti.

Nilikaa chini kwa gunia la viazi. Nikamwambia Kabiru. Alikwenda mezani, ile meza ambayo hakuwa ameigusa tangu arudi, akachukua kipande cha plastiki na kuanza kuchonga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unasaidia kushikilia tu, vidole vimepinda. Alichonga mguu mdogo kama punje ya mchele, na buti lake. Akalipaka nyeusi. Halafu akaniomba kile kichupa cha udongo wa Mabanga, ambacho siku ile nilitoka nacho mfukoni nikakificha.

"Wa nini tena?" nikamuuliza.

"Buti haiwezi kuwa safi na gari ni chafu, mathe. Itaonekana ni ya uongo."

Mimi ni Mkristo. Najua plastiki haikati mguu wa mtu na haiuponyi. Lakini niliufunga ule mguu kwa leso nikaenda Mabanga peke yangu, na pale getini nikapiga hodi mpaka majirani wakatoka. Levi akaja. Nikamwonyesha kile kichupa mbele ya watu wote, nikamimina udongo uliobaki pale pale ulipotoka. Akaufunika kwa kisigino chake, akakanyaga vizuri. Hakuniambia karibu, lakini alisogea nipite.

Mzee alikuwa kwa kiti, lori liko kando yake juu ya stuli. Nilimtilia ule mguu kwa kiganja. Aliutazama, akautazama wake ulioinuliwa juu ya mto, akautia kwa mfuko wa shati.

"Mkono wangu unatetemeka," akasema. "Mwambie kijana aje mwenyewe auingize. Aje kabla sijaenda hospitali. Mwambie mimi ndiye namwita."

Levi alikuwa amesimama mlangoni, ametupa mgongo, anaangalia nje. Hakukubali, hakukataa.

Nilipofika nyumbani Kabiru alikuwa ananingoja. "Mzee amesema nini?"

Nikavua viatu, nikaona vile vidole vyake vilivyopinda, nikatafuta maji ya kunywa. "Amesema asante," nikamwambia.