Kiti cha Katikati

Papy alikuwa mtu wa kusema neno likiwa bado la moto. Lakini Jumapili ile, sebuleni kwake, mtaa wa Umbilo mjini Durban, neno alilitafuna kwanza, kwa sababu nyuma ya pazia la jikoni alikuwa amekaa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo, mama Constance, alikuwa ameshona blanketi la viraka vya vitenge, mshono kwa mkono, mwaka mzima, kule mtaa wa Overport anakoishi na binti yake mdogo. Wenye maonyesho makubwa ya mablanketi ya namna hiyo huko Johannesburg walilikubali. Mwezi wa saba litatundikwa ukutani pamoja na mamia mengine, na watu watakuja kutazama tu. Sharti likawa moja: lisikunjwe, mikunjo haitoki. Basi Papy akaliviringisha kuzunguka bomba la plastiki, akaenda kuitazama pikapu yake ya kubebea samani. Nyuma ni wazi, na milimani kuna ukungu. Lazima likae mbele. Na mbele ni watu watatu: dereva, blanketi, na mmoja wa kuchagua.

“Nitakwenda na Marie-Claire,” alisema hatimaye.

Sauti ikatoka jikoni: “Marie-Claire, muulize bwana yako, sindano alishika nani?”

Marie-Claire alikuwa penye pazia, mguu mmoja huku, mmoja kule. “Papy, mama anauliza sindano alishika nani.”

“Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie alishika yeye.”

“Mama, anasema ulishika wewe.”

“Aa. Nilifikiri amesahau.”

Kwao Katanga, mwanamume na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasemezani ila kwa mtu wa kati. Papy alipata kumwona baba yake, mtu mzima amevaa koti, akijitupa kwenye shamba la mihogo ili mama mkwe apite njiani. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na katika mengi aliyoyaacha njiani akija Durban, hiyo hakuiacha. Lakini sasa heshima hiyohiyo ilikuwa inamfungia mama mzee mlango wa kazi yake. Jicho lake la kushoto lilikwishaingia ukungu, na la kulia lilikuwa linafuata. Akiyakosa maonyesho mwaka huu, mwakani atasimuliwa tu.

“Apande basi la abiria,” alisema Papy.

“Peke yake? Na macho yale?” Marie-Claire alimkazia macho. “Eish, Papy.”

Papy akachukua funguo na blanketi, akashuka chini kujaribu nafasi kabla ya siku ya safari. Akalisimamisha bomba kwenye kiti cha katikati, akalifunga mkanda. Lilikuwa nene kama mama mjamzito, na kichwa chake kiligusa paa. Akakaa kwenye usukani, akageuka kushoto. Hakuona mlango wala kioo, vitenge vitupu. Mihogo ya baba yake nayo ilikuwa ukuta tu, wa majani.

“Marie-Claire!” aliita. “Mlete mama. Aingie kwa mlango wa kule.”

Walipokaribia akageuza uso, akaitazama robot, ile taa ya barabarani, mpaka ikabadilika rangi mara mbili. Mlango wa kushoto ukafunguka, gari likainama kidogo, mlango ukafungwa. Hakuna aliyemwona mwenzake.

“Haya, mmekaa,” alisema Marie-Claire kutoka nje, anazuia kicheko. “Na masaa sita barabarani, nani atawabebea maneno?”

Papy alisikia vidole vya mama mkwe vikipapasa kitambaa, polepole, kutoka mshono hadi mshono.

“We blanketi,” alisema mama Constance. “Mwambie baba, kioo cha huku hakifungi.”

Papy akakohoa. Akaona haya kama kijana, kisha akaona njia.

“Blanketi, mwambie mama kitatengenezwa. Na abebe sweta. Johannesburg mwezi wa saba iko baridi.”