Nyumba Ambayo Baba Hakuingia

Watu wa Keumbu wakitaka kunichokoza, huniuliza kama ni kweli mume wangu alikuwa wakili wa wezi. Nawajibu kwamba mume wangu alikuwa mbunge, tena wa upinzani, na kwamba mwizi mmoja tu ndiye aliyewahi kula mezani kwangu. Hapo hunyamaza, maana wanamjua.

Ilikuwa mwaka wa 1968. Wabunge wa upinzani walikuwa wamebaki wachache hivi kwamba wangeenea kwenye meza yangu ya chakula, na siku moja walienea kweli, nikawapikia matoke na kuku. Mume wangu, Zachariah Angwenyi, alikuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa, na ualimu haukumtoka. Alikuwa na masomo yake Bungeni, na akiyamaliza alianza upya.

Somo la kwanza lilikuwa dhamana. Alisema maskini akishtakiwa huulizwa anaishi wapi, na kwa kuwa hana nyumba ya kudumu hurudishwa rumande, kwa hiyo anafungwa kwa kukosa nyumba kabla hajafungwa kwa kosa. Somo la pili lilikuwa nyumba zenyewe: kibarua wa mjini anapangishwa chumba kimoja, na humo alale yeye, mkewe na kijana wao aliyekwisha kuota ndevu. La tatu lilikuwa siri ya mtu. Barua zetu zilikuwa zikifika zimefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi mbaya, na askari waliingia majumbani bila karatasi ya hakimu.

Kwenye hilo la tatu aliwapeleka wenzake kwa maneno mpaka kwetu Ugusii. Sisi tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwana akishaoa, baba yake haingii nyumbani mwake. Hata mvua ya mawe ikimkuta uwanjani, atasimama chini ya majani ya mgomba aite kutoka huko. Zachariah alisimama Bungeni akasema: "Bwana Spika, kwetu mlango wa kijana hata baba aliyemzaa hauvuki. Je, askari anauvuka kwa ruhusa ya nani?" Gazeti liliyaandika maneno hayo. Niliyakata nikayabandika ukutani, karibu na kalenda ya kanisa.

Upande wa serikali wakamwita wakili wa wezi. Akawajibu, "Mwizi afungwe, sikatai. Lakini afungwe mwizi."

Basi mwezi wa tano cherehani ikaibwa katika duka la Persis, fundi wa nguo pale Keumbu. Aliyefunga duka jioni ile alikuwa kijana wake wa kazi, Omwenga, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya maduka. Akakamatwa. Mwenye chumba akatupa godoro lake nje siku ya pili, na Omwenga alipofikishwa mbele ya hakimu akawa mtu asiye na makazi. Dhamana akanyimwa.

Mama yake, Nyamoita, alikuja kwangu mara tatu. Ni mjane, na shamba alilolima lilikuwa limeandikwa jina la shemeji yake, kwa hiyo hakuwa na cha kumdhaminia mwanawe. Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha. Sikumkaribisha ndani. Nilimwacha chini ya paa la jikoni, kanga imemganda mgongoni, akaniambia huko rumande sakafu ni baridi na mtoto wake anakohoa. Nilimwambia mheshimiwa hayuko. Alipoondoka nikamwambia mume wangu, ambaye alikuwako, anasoma:

"Lisemwalo lipo, Zachariah, kama halipo laja. Mwache akae huko. Una maadui wa kutosha."

"Amekaa huko juma la kumi na moja," alisema bila kuinua macho. "Hujaniambia kama ni mwizi. Umeniambia tu kwamba nina maadui."

Juma lile Bunge lilikuwa mapumzikoni. Alivaa suti yake ya kijivu akaenda Kisii mjini kumdhamini. Hakimu, mtu wa kutoka mbali, akamwuliza kijana atakaa wapi. Mume wangu akasema atakaa bomani kwake. Akaulizwa kama boma hilo ni la kuaminika. Akaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba ndani ya boma lake hakuna nyumba inayoficha mwizi wala mali ya wizi.

Boma letu lilikuwa na nyumba nne. Yetu, ya mama mkwe wangu Nyanchama, esaiga, yaani kibanda cha vijana wasiooa, na ile mpya ya mabati ya mwanangu Obadiah aliyeoa mwaka uliotangulia. Mume wangu aliziapia zote, na moja alikuwa hajawahi kuiona ndani. Watu wote waliokuwa mahakamani walikuwa Abagusii isipokuwa hakimu, na hakuna aliyelikumbuka jambo hilo, mimi nikiwemo.

Omwenga akaja akalala esaiga. Alikuwa amekonda, na alipasua kuni bila kuambiwa. Obadiah alikuwa karani katika ofisi moja ya Nyamira, na alirudi kila Ijumaa kabla jua halijatua, tuipokee Sabato pamoja. Alikaa meza moja na Omwenga. Nilimwona kwa macho yangu akimwongeza maziwa kikombeni. Nikasema moyoni, mwanangu ana roho nzuri kuliko mimi.

Sabato moja mke wake, Mokeira, alikwenda kanisani na gauni jipya la samawati. Nililishika upindo, nikasifu mshono wake ulivyonyooka. Akainamisha uso. Nilidhani ni heshima tu.

Askari walikuja siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, watatu na inspekta wao. Inspekta alikuwa mtu wa pwani, mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alisema wamepata habari kwamba cherehani ya Persis imo humu bomani, kuna jirani aliyesikia mlio wake.

"Uko na karatasi ya hakimu?" mume wangu akauliza.

"Sikuona haja, mheshimiwa. Nimekuja kwa mdhamini, si kwa mshtakiwa."

Omwenga aliweka shoka chini. "Mimi nyumba yangu waingie tu, Mwalimu. Sina kitu ya kuficha."

Wakaingia esaiga, wakageuza mkeka na sanduku, wakatoka mikono mitupu. Kisha inspekta akautazama mlango wa Obadiah. Ulikuwa umefungwa, na Mokeira yumo ndani, tulisikia kikombe kikianguka.

"Hiyo hapana," mume wangu akasema. "Bila karatasi, hapana."

"Sawa. Nimeyasoma maneno yako gazetini na nayaheshimu," inspekta akasema. "Basi askari wangu wasiingie. Ingia wewe, mzee wa boma. Ukitoka uniambie hamna kitu, nitaamini, nitaondoka."

Ilikuwa heshima ya kweli, na ndiyo iliyotumaliza. Majirani waliokuwa wamejaa kwenye ua waliguna wote pamoja. Mume wangu alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi hiyo nyumba siwezi ingia," akasema. "Ni ya kijana yangu. Hata wewe ukinifunga, siwezi."

Inspekta hakuelewa; yale ya gazetini aliyachukua kuwa methali tu. Aliona mtu anayekataa njia rahisi, na anayekataa njia rahisi ana jambo. Akawatuma askari wawili na gari waende Kisii kuleta hati ya upekuzi, yeye akabaki na mmoja kwenye lango. Aliniomba maji, nikampa.

Mimi ni mama wa Obadiah, nami pia nina mipaka yangu kwake. Lakini bibi hana chinsoni na mjukuu. Wao hutaniana, huitana mume na mke, na huingia popote. Mama mkwe wangu Nyanchama aliinuka kwenye kigoda chake, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kuomba uji kwa mke mwenzake, na hakuna askari aliyemzuia kikongwe. Alikaa humo muda wa kumenya ndizi mbili. Alipotoka hakuwa na uji. Akanikaribia, akanong'ona:

"Iko chini ya kitanda. Imefunikwa shuka ya harusi."

Sijui nilivyovuka uwanja. Nilimkuta Zachariah ameegemea mti wa kahawa, nikamwambia kila kitu kwa maneno machache, kisha nikamwambia la kufanya. Awakaribishe inspekta na askari wake nyumbani kwangu wanywe chai. Robo saa ingetosha. Nyuma ya nyumba ya Obadiah kuna mlango wa jikoni, na baada yake ni migomba mpaka mtoni.

Mume wangu alikuwa anamtazama Omwenga, aliyekuwa amerudi kwenye kuni zake.

"Wakikosa kitu leo, yule atarudi rumande," akasema. "Watasema ameihamisha."

"Yule si mwanangu!"

"Nilisema mwizi afungwe, Drusilla. Sikusema mwizi wa watu wengine."

"Kijana wako, Zachariah! Mwite mwizi basi, useme kwa kinywa chako!"

Aligeuka akaenda zake. Nilidhani anakwenda kwa inspekta. Alizunguka nyumba ya Obadiah, akasimama upande wa migomba, mbali kidogo na ule mlango wa jikoni, pale ambapo baba anaruhusiwa kusimama. Akakunja mikono. Askari wa serikali alilinda mbele, na mume wangu akalinda nyuma, ananilinda mimi nisiitoe cherehani. Alisimama hapo mpaka saa tisa. Mvua ya kwetu ya alasiri ilinyesha ikamlowesha ile suti, naye hakusogea kwenye upenu. Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote, na sioni sababu ya kulificha.

Hati ililetwa. Inspekta akaisoma kwa sauti, askari wakaingia, wakatoka na cherehani pamoja na shuka yake. Omwenga akasogea akagusa gurudumu, mahali palipofungwa waya.

"Hii waya ni mimi nilifunga," akasema. Hakucheka, hakuniangalia. Nafikiri ningependa acheke.

Obadiah alikamatwa kesho yake Nyamira, mbele ya makarani wenzake. Alikiri kwamba aliinunua kwa mtu aliyekutana naye Suneka, kwa bei ambayo mjinga tu ndiye asiyeishuku, kwa sababu alikuwa amemwahidi mke wake cherehani. Alipopata habari za Persis, Omwenga alikuwa ameshakamatwa. Aliogopa, akanyamaza. Akanyamaza majuma kumi na moja, na alipoletewa Omwenga mezani akanyamaza na kumwongeza maziwa. Kwangu mimi huo ndio wizi, kuliko ule wa cherehani.

Jumatatu tulikuwa mahakamani. Omwenga akaachiliwa kwa maneno mawili ya hakimu, majuma yake yote yakaishia hapo. Kisha akaitwa Obadiah, na hakimu akauliza nani atamdhamini. Mume wangu akasimama.

"Mheshimiwa," hakimu akasema, "uliapa hapa kwamba bomani kwako hakuna mali ya wizi."

"Niliapa."

"Ulikuwa umekagua?"

"Nyumba tatu nazijua. Ile ya nne sijawahi kuingia."

"Nyumba iliyo ndani ya boma lako?"

"Ndiyo, bwana."

Hakuna aliyecheka, maana kila mtu kwenye mabenchi yale alikuwa na nyumba ambayo hangeweza kuingia. Hakimu aliandika, akasema mdhamini wa namna hiyo hawezi kukubaliwa tena, na kama yuko mwingine ajitokeze. Ndugu za mume wangu walitazama viatu vyao. Jina la upinzani lilikuwa zito mwaka ule, na sasa lilikuwa na cherehani juu yake. Obadiah akarudishwa rumande mpaka kesi itajwe, na kutajwa huko hakukuwa na tarehe ya karibu.

Alipopitishwa mbele yetu na pingu, Zachariah alisema, "Mwanangu, kesi yako haijasikizwa. Hujafungwa bado." Yalikuwa yale yale aliyokuwa akiyasema Bungeni. Ila safari hii akaketi ghafla, na nikaona alivyozeeka.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la ukutani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, na mimi ulikuwa umenifika kwenye mbavu. Nyamoita alikuwa amekaa benchi lile lile, akimngoja Omwenga apewe karatasi zake. Nilitaka kuondoka. Akasogea kunipa nafasi.

Kisha akaanza kusema, akitazama barabarani.

"Usilete chakula Jumatatu, ni siku ya kwenda kortini, hawapokei. Leta Jumatano, kabla ya saa nne. Ugali ufunge kwa jani la mgomba, maana sufuria hazirudi. Kuna askari mmoja ana kovu hapa shavuni, huyo ndiye wa kumpa. Wale wengine watakuzungusha."

Kwa majuma kumi na moja alikuwa amejifunza hayo yote peke yake, na katika moja ya majuma hayo nilimwacha chini ya paa, mvua ikinyesha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa mzazi siku ile pia.

"Blanketi wanakubali?" nikauliza mwishowe.

"Moja," akasema. "Usinunue. La Omwenga limerudi, nitalifua leo. Nitakuletea."