Jezi Iliyorudi Kavu

Kitu cha kwanza Kanae alichokiona kilikuwa kiganja. Wachezaji wa Sili, timu ya magongo ya barafuni, walikuwa wakiteleza kwa kasi, uwanja mzima ukikifuata kwa macho kile kisahani cheusi kinachopigwa badala ya mpira, naye macho yake yakanasa kwenye mlango mdogo wa benchi. Hapo alisimama Numao, kipa wa akiba, kazi yake kuwafungulia wenzake wanapotoka kucheza na wanaporudi kupumzika. Kila mara, kabla ya kufungua, alilipangusa komeo barafu kwa kiganja cha glavu, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto pua. Hakuna aliyemtazama.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Kanae alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akiishi peke yake katika nyumba ya marehemu baba yake karibu na bandari ya Tomahama. Kutwa alikuwa kiwandani akipasua samaki na kutoa mayai yao, mahali ambapo mashine hunguruma kiasi kwamba mtu aweza kumaliza juma bila kutamka neno, na asiulizwe. Yeye alimaliza majuma mengi namna hiyo.

Timu ilikuwa ya mji wenyewe. Kiwanda cha karatasi kilichokuwa kikiilea kilipojitoa, watu wa Tomahama waliigawana kama ukoo unavyogawana watoto wa ndugu aliyefariki. Kinyozi aliwanyoa bure, mwenye nyumba ya wageni akawapa vyumba, kituo cha mafuta kikampa Numao kazi ya asubuhi. Kufua jezi kuliwaangukia wanawake wa kujitolea, wakiongozwa na Mama Orito, mke wa fundi matairi. Kanae alijiunga nao Novemba. Kufua hakukuhitaji maneno.

"Binti, siku ukizungumza nitajua theluji imekwisha," Mama Orito alimtania.

Jezi zote zilirudi zimelowa jasho, nzito. Namba arobaini na moja, ya Numao, ilirudi kavu.

"Hiyo iache," Mama Orito alisema. "Kitu hakijachafuka, unakifulia nini?"

Kanae aliifua. Aliifua kila mechi.

Uwanjani, kwenye reli ya ghorofani, mashabiki walitundika vitambaa virefu, kila mchezaji na chake, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Numao hakuwa nacho.

"Kitambaa hushonwa na anayempenda mchezaji," Mama Orito alieleza, akikung'uta taulo. "Na huyu nani amemwona akicheza? Miaka mitatu anafungua mlango. Mume wangu anasema akiacha mchezo ataajiriwa hotelini."

Wanawake wakacheka. Kanae akainamia kapu la soksi.

Jumapili iliyofuata alifungua sanduku la baba yake akatoa bendera ya chombo chake cha uvuvi, ile kubwa ya rangi ambayo marafiki walimpa siku chombo kilipoteremshwa majini. Chombo kilikuwa kimeuzwa, bendera ikabaki. Aliigeuza upande wa nyuma akaanza kushonea herufi nyeupe za jina la Numao. Kufikia mwisho wa Januari alikuwa amemaliza. Kilichobaki ni kumwomba Bwana Moriwaki, mpiga ngoma na kiongozi wa mashabiki, ruhusa ya kuitundika. Sentensi moja tu. Mechi tisa alikuja nayo mkobani, na mechi tisa akarudi nayo nyumbani.

Mechi ya mwisho ya nyumbani iliangukia Jumapili mchana, katikati ya Machi. Kanae alijiambia kwamba ni leo au basi, na kwa kuwa mdomo umeshindwa, acha mikono ifanye. Aliingia uwanjani kwa ufunguo wa chumba cha kufulia kabla watu hawajaruhusiwa, akapanda ghorofani. Kwenye reli kulikuwa na vitambaa viwili tu. Akadhani vingine bado havijaletwa. Akafunga chake katikati ya hivyo viwili, akashuka mbio kwenye taulo zake.

Kipindi cha kwanza hakijaisha, akasikia ngoma ikiita jina ambalo haikuwahi kuliita. Nu-ma-o. Nu-ma-o. Alisimama na taulo mkononi, akitabasamu peke yake kama mwehu. Kisha Mama Orito akaingia, macho mekundu.

"Ufunguo wa mapema ulikuwa nao wewe tu. Kumbe wewe ulijua. Na kimya chako hicho. Nani kakuambia Numao anaondoka?"

"Anaondoka?"

"Usinichezee, mwanangu. Mechi ya mwisho tunashusha vitambaa vyote, tunaacha vya wanaotuaga tu. Mchezaji humnong'oneza Moriwaki, au aliyemshonea kitambaa. Klabu itatangaza wiki ijayo, lakini sisi hatutaki kuagana nao kupitia gazeti. Kila mtu anajua, hata..." Akamtazama vizuri. "Huu ndio mwaka wako wa kwanza. Kanae, ulijua au hukujua?"

Kanae aliweka taulo mezani. Huko juu watu elfu moja walikuwa wakimlilia mtu ambaye pengine hana habari. Pengine sasa hivi yeye mwenyewe anaamini klabu imemwacha, na kwamba ndivyo anavyoambiwa.

Alipanda ngazi. Alisimama nyuma ya Bwana Moriwaki, karibu kiasi cha kuligusa koti lake. Nimekosea, mzee, kishushe. Hayo tu.

"Miaka mitatu ananijazia mafuta, ananifutia kioo," Moriwaki alikuwa akimwambia jirani yake, "sijamuuliza hata kwao wazima. Tumekosa adabu."

"Wewe umekosa. Mimi nilimpa samaki mkavu."

"Samaki wako nani anamla?"

Mtu alimpa Kanae bakuli la supu ya nguruwe. Likapoa mikononi mwake.

Kule chini Numao alikuwa amekiona kitambaa. Alikitazama muda mrefu, glavu juu ya komeo, hadi mwenzake mmoja akaugonga mlango mara mbili akitaka kuingia.

Dakika nne zikiwa zimebaki, Sili wakiwa nyuma mabao matano kwa moja, kocha alimgusa bega. Numao akaingia golini. Shuti la kwanza likapita katikati ya miguu yake. Watu wakapiga makofi kama waliomwona akizuia. Yaliyofuata mawili akayazuia kweli. Pale kwenye benchi hakuna aliyekumbuka kulipangusa komeo, likaganda, na wachezaji wakawa wanaruka ukuta.

Uwanja ulipokuwa ukitoka watu, Numao alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kufulia. Kitambaa alikuwa amekikunja kwapani, maana anayeondoka hupewa chake. Aliweka jezi mezani. Ilikuwa imelowa.

"Samahani, dada. Leo nimekupa kazi."

Kanae aliinama.

"Mama Orito ameniambia ni wewe. Nilikuwa nimemwambia kocha peke yake, Alhamisi. Baba amezeeka, mgahawa wake wa tambi kule Nikko unataka mtu. Sikumwambia hata Moriwaki. Mfungua mlango atamuaga nani?" Alicheka kidogo. "Kocha anaapa hakusema. Basi ulijuaje?"

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Kosa lake halikuwa uongo tena, na kifua chake hakikupata nafuu yoyote. Alijua kwamba akiitikia kwa kichwa tu, akatabasamu, Tomahama nzima itamsimulia kama msichana kimya mwenye jicho la kuona.

Numao aligeuza pindo. "Hii ni bendera ya chombo. Ya nani?"

"Ya baba."

"Basi siwezi kuichukua."

"Ichukue."

Numao alimwinamia, akainama tena zaidi, akaenda. Mlangoni aliweka kiganja juu ya kitasa, na ingawa hapakuwa na barafu, akakipangusa.

"Kaka Numao."

Akageuka.

Sauti ya Kanae ilikuwa ndogo, lakini mashine zote zilikuwa zimezimwa.

"Sikujua kama unaondoka. Nilikitundika ili ubaki."