Viganja vya Perlita

Miaka tisa Perlita amegawa karata katika kasino ya Pasay, Ufilipino, na kila anapoondoka mezani hupiga makofi na kugeuza viganja mbele ya kamera, ionekane hajaiba. Siku moja alimpelekea meneja Abrenica barua ya kuomba baba yake afungiwe mlango wa kasino, maana mzee alikwisha kuuza hata jipni, gari lake la abiria, akachezea kamari.

“Baba yako mtu mzima, dada. Anajifurahisha tu.”

“Mbona akitulia nyumbani wiki moja mnamtumia mwaliko wa chakula na chumba cha hoteli vya bure?”

“Huo ni ukarimu.”

“Ukarimu wa chambo kwa samaki! Mimi naonyesha viganja kutwa nzima, bosi. Hebu geuza vyako tuone.”

Meneja akatia mikono mfukoni.