Lenzi Tatu na Jicho Moja

Kibanda cha picha kilikuwa kati ya geti la kutokea na vyoo, kwa hiyo kila aliyeingia katika bustani ile ya michezo alikipitia akirudi kwao, atake asitake. Ndani kulikuwa na printa mbili, kompyuta moja, feni iliyopuliza upande mmoja tu, na mwanamke ambaye wafanyakazi wote walimwita Dada Chapa. Alikuwa na miaka tisa humo, akichapa picha ambazo shemeji yake alizipiga huko nje juani.

Shemeji huyo, mdogo wa mume wake, aliitwa Kobe. Jina lilitokana na begi. Alilibeba mgongoni asubuhi mpaka jioni, limejaa lenzi, betri, vitambaa vya kufutia na koti la mvua, na alitembea polepole kama mtu aliyehama na nyumba yake. Hakulichukia jina hilo. Alikuwa amevuka hamsini, mpole kwa wageni na mkali kwa mtu yeyote aliyegusa kamera yake.

Kamera ya zamani ilipoanza kukataa kufyatua, meneja aliamua kununua vifaa vipya kabla shule hazijafungwa. Aliwaita wote wawili ofisini kwake.

"Fungu ni lile lile," alisema. "Kamera moja kubwa na lenzi ya maana, au kamera mbili za kawaida. Nyinyi ndio mnaojua. Alhamisi nataka jibu, sitaki hotuba."

Duka la kamera likawaazima vifaa vya kujaribia. Aliyevileta alikuwa muuzaji mwenyewe, mwanamke mrefu aliyevaa raba nyeupe, asiyepoteza maneno. Aliweka juu ya meza ya kibanda kamera moja na lenzi tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu na nzito, ya kuvuta vitu vya mbali. Kobe aliiita chupa ya chai papo hapo, na jina likakaa. Ya pili ilikuwa fupi, haivuti hata kidogo, lakini ilipokea mwanga mwingi na ingefaa gizani. Ya tatu ilikuwa ya katikati: inavuta kiasi, inapanuka kiasi.

"Kamera hii inatafuta nyuso yenyewe," muuzaji alieleza. "Mtu akiingia kwenye fremu, inamshika. Wewe unafyatua tu."

Kobe aliigeuza kamera, akaikuta ile sehemu ya mipangilio, akaizima. "Miaka yote hii fokasi naiweka kwa mkono," alisema. "Nyuso nazijua bila kuonyeshwa."

Siku ya kwanza alikwenda na chupa ya chai hadi kwenye Nyoka, kile kigarimoshi kilichopanda taratibu na kuporomoka na watu wakipiga kelele. Alisimama mbali, karibu na kibanda cha tiketi, akawavuta abiria mmoja mmoja. Dada Chapa alizipokea picha kwenye kompyuta kabla ya saa sita. Zilikuwa nzuri kiasi cha kumliza mtu: mama aliyefumba macho, bwana mmoja mnene aliyeshika kofia kwa meno. Ila karibu theluthi yake zilikuwa na ukungu. Nyuzi za mkanda wa kiti zilionekana zote. Uso nyuma yake ulikuwa kama umeoshwa na sabuni.

Hakushangaa. Alikuwa akiuona ukungu huo kwa miezi saba. Mwanzoni alidhani ni kamera kuzeeka. Baadaye aligundua kwamba picha za mchana mweupe zilikuwa afadhali, na za kwenye Pango, ile njia ya giza yenye mizimu ya plastiki, zilikuwa hazifai kabisa. Kila siku, kabla wageni hawajafika dirishani, alizifuta mbovu na kuziacha nzima. Mgeni akiuliza mbona ya Pango haipo, alijibu kwamba siku hiyo mwanga ulikuwa mgumu. Kobe naye alikuja mara kwa mara kulalamika kwamba picha zinatoka za njano.

"Kwangu mimi zipo sawa, shemeji."

"Ongeza bluu."

Dada Chapa aliiongeza Kobe akiwa amesimama pale, kisha akaipunguza alipoondoka.

Jioni ile, wakila, alimwambia mume wake kuhusu macho ya Kobe. Mume alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kusikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie," mume alisema.

"Ni ndugu yako. Mwambie wewe."

"Mimi nikimwambia atasema namwonea tangu utotoni. Na mengine ni kweli." Aliguguna mfupa akafikiri. "Wewe anakuheshimu."

"Ndiyo sababu sitaki."

Basi hakusema. Siku ya pili Kobe alijaribu lenzi fupi ndani ya Pango, ya tatu akajaribu ile ya katikati kwenye Gurudumu, lile kubwa la kuzungusha watu angani. Mchana wa siku ya tatu alimpigia simu muuzaji mbele ya Dada Chapa.

"Dada, umetuletea mizigo mibovu. Lenzi zote tatu hazina ukali. Hata nikizungusha vipi, hazifiki."

"Zote tatu?"

"Zote."

Muuzaji alifika baada ya saa moja, na stendi ya miguu mitatu begani. Hakubishana. Aliisimamisha stendi kwenye kivuli mbele ya lango la Nyoka, akafunga kamera juu yake, akailenga kwenye kibao cha masharti kilichokuwa hatua kumi mbele: keti, funga mkanda, usitoe mikono nje. Dada Chapa alikuwa amekifunga kibanda kwa nusu saa ili aje kushuhudia, kwa kuwa meneja alimtaka naye atie sahihi kwenye chaguo.

"Weka fokasi kwenye herufi," muuzaji alimwambia Kobe.

Kobe aliinama, akabandika jicho la kulia kwenye kidirisha cha kuchungulia, akazungusha pete ya lenzi mbele na nyuma kwa utulivu wa mtu mzoefu. "Hapo ndipo mwisho wake," alisema. "Haiendi zaidi."

Muuzaji alifyatua, akaikuza picha kwenye kioo cha nyuma. Herufi zilikuwa zimevimba. Akabadilisha lenzi. Matokeo yakawa yale yale. Ya tatu, vilevile.

"Nilikwambia," alisema Kobe.

Muuzaji alimgeukia Dada Chapa. "Jaribu wewe."

"Mimi sipigi picha."

"Zungusha tu mpaka usome."

Dada Chapa aliinama. Herufi zilikuwa ukungu mweupe. Akazungusha, zikakusanyika, zikapita, akarudi nyuma kidogo, zikasimama. Aliweza kusoma hata jina la mchoraji wa kibao, dogo kabisa pale chini. Muuzaji akafyatua. Kwenye kioo kila msumari ulionekana.

"Usiguse kitu," Dada Chapa alisema. "Shemeji, njoo uchungulie."

Kobe akachungulia. "Bado."

"Bado kivipi?"

"Bado ina ukungu. Mnaona nini nyinyi?"

Kigarimoshi kilipita juu yao na kelele zake, kikaenda. Dada Chapa alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba kupewa mkasi.

"Tumia jicho la kushoto."

Kobe alimtazama kwanza. Kisha akainama tena, pua ikibanana na mgongo wa kamera, maana jicho la kushoto halikuzoea mahali pale. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma masharti matatu.

"Imekaa sawa," alisema alipoinuka.

Muuzaji alianza kufungua stendi. Alikuwa ameshaelewa, na aliona si kazi yake kuongeza neno. Alisema tu kwamba vifaa vinaweza kubaki mpaka Ijumaa, akaondoka na raba zake nyeupe kupitia geti la wafanyakazi.

Kobe alikaa kwenye benchi la wanaosubiri zamu. Dada Chapa alikaa upande wa pili, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mvua zilipoisha."

"Ni miezi saba hiyo."

"Ndiyo."

"Na mbovu ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Nilikuwa nazifuta."

Kobe alivua mkanda wa kamera shingoni, akaukunja mara mbili. "Ungenitukana siku ya kwanza, ningekasirika wiki moja nikaenda kwa daktari," alisema. "Sasa nimekuwa mjinga miezi saba, na wewe unaniamkia kila asubuhi."

"Niliona nakusitiri."

"Ulinisitiri. Wala sikatai." Akasimama. "Lakini ungenionya."

Dada Chapa alikuwa amejiona mwema kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuwahi kufikiri upande huo, na sasa alipofikiri aliona aibu iliyotulia, isiyo na machozi. Alirudi kibandani akafungua dirisha.

Kesho yake Kobe alikwenda hospitali akiwa na kaka yake. Daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, la kulia limekomaa, la kushoto bado changa. Upasuaji ulipangwa wiki iliyofuata. Likizo za shule zilikuwa zinaanza wiki hiyo hiyo.

Alhamisi ilifika, na aliyepanda ofisini kwa meneja alikuwa Dada Chapa peke yake. Siku mbili hizo alikuwa ametembea bustani nzima na kamera ile mapema kabla ya geti kufunguliwa, na tena mchana wakati binti mmoja wa tiketi alipomshikia dirisha. Chupa ya chai ilimuumiza shingo kabla hajafika Gurudumu. Isitoshe, ilitaka mtu asimame mbali, na bustani ikijaa, mbele ya lenzi hupita migongo, maputo na vichwa vya watu wengine. Na jambo ambalo yeye tu alilijua, kwa kukaa dirishani: watu waliopigwa kwa mbali hawakuja kuulizia picha, kwa sababu hawakujua wamepigwa. Walikuja wale walioongea na mpiga picha.

"Tuchukue mbili za kawaida," alimwambia meneja. "Moja ikae na lenzi fupi, kwa Pango na kwa familia zinazosimama karibu. Nyingine ikae na ya katikati, kwa Nyoka na Gurudumu. Lenzi zisibadilishwe nje kabisa. Kuna vumbi, kuna maji yanayoruka kutoka kwenye bwawa la kuserereka. Kila kamera na lenzi yake, basi."

"Na mpiga picha yuko wapi?"

"Anatibiwa. Nitapiga mimi mpaka arudi."

Meneja aliinua macho. "Umewahi?"

"Nimeangalia picha zake miaka tisa. Najua zinazonunuliwa."

Meneja hakutaka hotuba, akatia sahihi.

Wiki ya kwanza Dada Chapa alipiga vibaya. Alikata miguu ya watu, aliwaweka wageni juani wakakunja sura, na mara mbili alisahau kuvua kofia ya lenzi na kumpigisha bwana harusi tabasamu la bure. Lakini aliuacha mtambo utafute nyuso, na ulizipata. Wiki ya pili alijifunza kuwafuata watu wanaotoka kwenye Pango badala ya kuwavizia humo ndani, maana wakitoka ndipo wanapochekana.

Kobe alirudi siku ya kumi na tano akiwa na miwani myeusi. Daktari alimkataza vumbi, kuinama na kubeba, kwa hiyo meneja alimkalisha kibandani. Shemeji yake alimpisha kiti.

"Wamekuwekea nini?" alimuuliza.

"Lenzi." Akairekebisha miwani. "Haivuti."

Dada Chapa alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea vile tangu siku ya kibao.

Kazi ya dirishani haikumfaa Kobe. Aligombana na wageni kuhusu picha gani ni bora. Mama mmoja alitaka ile aliyofumba macho, kwa sababu mwanawe alikuwa anamwangalia. Kobe akatumia dakika kumi kumweleza kwamba ile nyingine ina mwanga mzuri zaidi. Mama akaondoka na ile aliyoitaka. Kobe alimtazama mpaka akapotea getini, kisha akaikuza ile picha kwenye kompyuta na kuiangalia peke yake, akilinganisha jicho moja na jingine, mpaka foleni ilipoanza kugonga dirisha.

Jioni hiyo alizipitia zote alizopiga shemeji yake tangu aondoke. Hakusifu. Alisema kwamba anawasimamisha watu upande mbaya wa Gurudumu, na akamchorea kwenye bahasha jua linakotoka na linakoelekea. Dada Chapa akaikunja bahasha akaiweka mfukoni.

Daktari alipomruhusu Kobe kurudi nje, meneja aliuliza ni nani sasa atakaa kibandani. Kila mmoja alimsubiri mwenzake ajitolee. Mwisho meneja akamhamishia huko yule binti wa tiketi, ambaye alishazoea dirisha.

Jumamosi ya mwisho ya likizo bustani ilijaa mpaka foleni ya Nyoka ikafika vyooni. Kobe alichukua kamera ya lenzi ya katikati akaenda juu, begi akaliacha kabatini. Dada Chapa akabaki na ile fupi kwenye mlango wa Pango. Hawakuonana mpaka saa nane, jua lilipogeuka. Kobe alishuka kwa miguu, jasho likimtiririka, akamkuta akiipanga familia ya watu kumi na mmoja ukutani.

"Tubadilishane," alisema. "Huko juu sasa watu wana kivuli usoni, kwa mbali siwaoni vizuri, na mimi nataka kukaa hapa karibu na watu."

"Subiri nimalize hawa."

Alisubiri. Dada Chapa alipomaliza, walibadilishana kamera, kila mmoja akarefusha mkanda au kuufupisha kwa kimo chake, na Dada Chapa akaanza kupanda kuelekea kwenye Nyoka.